SAUTI YA BIBI IMEKWENDA WAPI?

Siku hizi vikundi vingi vya ngoma na kwaya kutoka Handeni huenda mjini Korogwe kurekodi nyimbo. Si kazi ya bure. Ni fedha za mahindi, na nauli juu yake. Kwa hiyo tunapenda kueleza jambo moja ambalo tuliliona kwa macho yetu.

Tulifuatana na kikundi cha akina mama wa Sindeni. Wanacheza ngoma ya selo. Studio ilikuwa chumba kidogo chenye kompyuta kuukuu. Kwanza fundi alirekodi ngoma, kisha kinanda, kisha waitikiaji. Mwisho kabisa aliingia bibi mwenye kuongoza wimbo. Kazi ilipokwisha, tukasikiliza. Mwanzoni bibi anasikika vizuri kabisa. Ngoma na kinanda vikiingia, bibi hayupo! Wakinyamaza kidogo, anarudi. Wakianza tena, anapotea.

Fundi akasema, "Bibi, sauti yako haikuingia. Itabidi mje tena wiki ijayo, na mlipe nusu."

Bibi akajibu, "Mjukuu wangu, kama haikuingia, mbona mwanzoni nimejisikia?"

Swali hilo lilikuwa ndilo lenyewe.

Zamani mambo hayakuwa hivi. Bendi za Tanga kama Atomic Jazz na Jamhuri Jazz ziliporekodi, wanamuziki walipiga wote kwa pamoja huku utepe unazunguka. Mmoja akikosea, basi, wote wanaanza upya. Kwenye kompyuta kila sauti huwekwa peke yake katika mstari wake. Mafundi huuita mstari huo traki. Ukitazama kioo cha kompyuta utaona traki zimepangwa, moja juu ya nyingine, kama mistari ya daftari.

Sasa tuelewane hapa. Kurekodiwa ni jambo moja, kusikika ni jambo jingine. Katika programu nyingine idadi ya sauti zinazoweza kutoka kwa wakati mmoja ina kikomo. Programu iitwayo Pro Tools ilipotoka Marekani mwaka 1991 ilikuwa na nafasi 4 tu. Matoleo ya baadaye yana nafasi nyingi zaidi, lakini kikomo hakijakwisha. Tena kinanda kikirekodiwa kwa pande mbili, kulia na kushoto, kinakula nafasi mbili.

Je, nafasi zikijaa nani anasikika? Ni aliye juu. Fikirini bomba la kijiji siku ya shida ya maji. Koki ni nne, ndoo ni tano. Ndoo za mbele zinapata maji, ya tano inangoja. Koki moja ikiachwa, ya tano inasogea. Lakini bombani aliyeondoka hawezi kurudi mbele, atagombana na watu! Kwenye kompyuta anarudi, na wa chini anaondolewa hapo hapo.

Ndivyo ilivyokuwa kwa bibi. Alirekodiwa mwisho, traki yake ikakaa chini kabisa. Kumbe sauti ilikuwemo muda wote. Kijana mmoja aliyekuwa pale akamwambia fundi ashike jina la traki ile kwa kipanya, aivute mpaka juu. Fundi akaivuta. Bibi akasikika toka mwanzo hadi mwisho. Waitikiaji wawili wakapotea badala yake, na akina mama wakacheka sana.

Basi nafasi za hao zitoke wapi? Kulikuwa na traki mbili za majaribio ambazo hazikuhitajika tena. Fundi alikuwa amezinyamazisha tu. Hapo ndipo wengi hukosea. Traki iliyonyamazishwa huweza bado kushika nafasi yake, kama mtu aliyekalia kiti mkutanoni huku amelala. Inafaa izimwe kabisa. Na kimya nacho kina hila. Mpiga kayamba akirekodiwa dakika nzima hapigi chochote, kimya kile kinahesabiwa kama sauti na kinashika nafasi. Fundi akikate kipande hicho, nafasi itapatikana. Fundi akafanya yote mawili, na waitikiaji wakarudi.

Si programu zote ziko hivyo. Iko Audacity, programu ya bure iliyotoka mwaka 2000. Humo traki zote huchanganywa pamoja, na kupanda juu au kushuka chini hakubadili kitu. Sauti ikipotea humo, au hata katika Pro Tools, tazameni pia vitufe vya kila traki. Katika Pro Tools vina herufi M na S. M hunyamazisha traki hiyo. S huiacha hiyo isikike peke yake na kuzinyamazisha nyingine zote. Mara nyingi fundi hubonyeza S ili asikilize mtu mmoja, halafu husahau kuitoa.

Kwa hiyo mkiambiwa sauti haikuingia, mwombeni fundi aipige traki hiyo peke yake, mbele yenu, kabla hamjatoa fedha nyingine. Ikisikika, imo.

Akina mama wa Sindeni hawakulipa ile nusu. Walipanda basi la jioni, na wimbo ulipigwa kwenye simu ya utingo njia nzima.