Feni za Ukungu Kambini: Joto Kavu na Fukuto Si Kitu Kimoja

Utangulizi

Kila likizo ndefu inapokaribia, wanafunzi wetu wa Kiswahili hugawanyika makundi mawili. Wapo wanaosafiri kwenda pwani, Mombasa, Dar es Salaam au Unguja, ili wakae miongoni mwa wazawa wa lugha na kunoa matamshi yao. Wapo pia wanaobaki hapa Uganda na kuelekea kaskazini mashariki, huko Karamoja, kukusanya data za utafiti. Hawa wa pili mara nyingi hulala katika mahema, mahali ambapo nyaya za umeme hazijafika.

Siku hizi makundi yote mawili hubeba kifaa kimoja: feni ndogo ya betri yenye kitangi cha maji, ambayo hupuliza upepo uliochanganyika na manyunyu membamba. Wauzaji huisifu kwamba ni kiyoyozi cha mkononi. Wanafunzi wametuuliza mara kadhaa iwapo sifa hiyo ni ya kweli. Jibu letu kwa ufupi ni kwamba feni hii humfaa sana aliyepiga kambi Karamoja wakati wa kiangazi, lakini haimfai aliyelala hemani Mombasa. Katika makala hii tutaeleza sababu zake. Aidha, kwa kuwa sisi ni walimu wa lugha, tutaonyesha kwamba Kiswahili kina maneno ya kutosha ya kulieleza jambo hili, na kwamba mtu asiyeyatofautisha maneno hayo anaweza kujiletea madhara.

Maneno kwanza

Tuanze na jina la kifaa. Kiswahili kina upepeo, ambao husukwa na kupepewa kwa mkono. Kina pangaboi, linaloning'inia darini. Na kina feni, neno la mkopo ambalo sasa hutumika kwa kila chombo cha umeme kinachopuliza upepo. Kwa kifaa tunachokizungumzia, tunapendekeza jina feni ya ukungu.

Neno ukungu lenyewe linahitaji uangalifu. Ukungu ni matone madogo mno ya maji yanayoelea hewani, nayo huonekana kwa macho kama tunavyoyaona asubuhi juu ya vilima vya Kabale. Mvuke, kwa maana ya kisayansi, ni maji yaliyokwisha kugeuka gesi, na huo hauonekani. Kitendo cha maji kugeuka mvuke bila kuchemshwa huitwa uvukizi. Nguo iliyoanikwa hukauka kwa uvukizi, na jasho hukauka vivyo hivyo.

Kisha lipo neno joto. Mtu wa Moroto na mtu wa Mombasa wote watasema "leo kuna joto", ila hali zao hazifanani. Wa Moroto yumo katika joto kavu: midomo hupasuka, na jasho hukauka kabla hajaliona. Wa Mombasa yumo katika fukuto, yaani joto lililobeba unyevu, ambapo jasho hutiririka mgongoni wala halikauki. Tofauti hii ndiyo itakayotuongoza katika sehemu zinazofuata.

Namna feni ya ukungu inavyofanya kazi

Wengi hudhani kwamba feni hii hupoza kwa sababu maji yaliyomo ni ya baridi. Sivyo. Hata ukitia maji yaliyoshinda juani, bado itapoza, alimradi hewa ni kavu. Kinachopoza ni uvukizi. Ili tone la maji ligeuke mvuke, hapana budi lichukue joto kutoka mahali fulani, nalo hulichukua kutoka kwenye hewa inayolizunguka au kwenye ngozi lilikotua.

Kiasi cha joto kinachochukuliwa ni kikubwa kuliko tunavyodhani. Gramu moja ya maji ikivukizwa katika halijoto ya kawaida ya mchana huchukua takriban jouli 2,400. Kwa kulinganisha, kuipasha gramu hiyohiyo kutoka nyuzi 30 hadi nyuzi 100 kunahitaji jouli zisizozidi 300. Ndiyo kusema uvukizi hunyang'anya joto mara nane zaidi.

Bibi zetu waliitumia kanuni hii bila ya jouli. Maji katika mtungi wa udongo hubaki baridi kwa sababu mtungi huvuja kidogo kidogo kupitia vinyweleo vyake. Unyevu unaofika nje huvukizwa, na joto la mtungi huondoka nao. Maji yaleyale yakitiwa ndani ya dumu la plastiki hushinda na uvuguvugu. Feni ya ukungu ni ndugu ya mtungi huo, ila imeongezewa betri.

Karamoja na pwani

Hewa ina kiwango chake cha mwisho cha mvuke inaoweza kuubeba. Ikiwa na nafasi kubwa, maji huvukizwa upesi. Ikikaribia kujaa, uvukizi hupungua, na ikijaa kabisa hukoma. Kadiri hewa ilivyojaa huelezwa kwa asilimia.

Tuchukue mifano miwili. Tuseme mchana mmoja wa kiangazi katika bonde la Kidepo halijoto ni nyuzi 38 na unyevu wa hewa ni asilimia 20. Kwa hesabu, uvukizi unaweza kuishusha halijoto ya hewa hiyo hadi karibu na nyuzi 21. Sasa tuseme mchana mmoja wa mwezi Machi huko Dar es Salaam halijoto ni nyuzi 32 na unyevu ni asilimia 75. Hapo uvukizi hauwezi kuishusha chini ya nyuzi 28. Kwa hiyo Kidepo kuna nafasi ya nyuzi 17, na Dar es Salaam kuna nafasi ya nyuzi nne tu. Feni ndogo ya mkononi haifiki mwisho wa nafasi hiyo, maana upepo wake huchanganyika mara moja na hewa ya jirani. Hata hivyo, sehemu ya 17 ni msaada wa kuonekana, ilhali sehemu ya nne haitambuliki.

Kuna na ubaya wa pili. Katika fukuto, mwili tayari unahangaika kukausha jasho lake. Ukiongeza ukungu ndani ya hema lililofungwa, unaijaza hewa ileile iliyokuwa ipokee jasho lako. Baada ya nusu saa utakuwa umelowa, shuka zimelowa, na joto lipo palepale. Mwenye kambi pwani atumie feni bila ya maji, afungue madirisha ya hema pande mbili, na aache upepo upite. Kwa kuwa ngozi ya binadamu huwa na nyuzi 35 hivi, upepo wa nyuzi 32 bado unaweza kuipoza.

Hewa inapokuwa na joto kuliko ngozi, mambo hugeuka. Upepo mkavu wa nyuzi 40 hupeleka joto mwilini badala ya kuliondoa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba feni za umeme zitumike pale tu halijoto iwapo chini ya nyuzi 40. Katika joto kama hilo la Karamoja, feni isiyo na maji ni hatari. Inayohitajika ni ngozi iliyoloweshwa na kivuli.

Kipimo cha kitambaa

Mwanafunzi aliyeko kambini hana haja ya mitambo ili ajue yumo katika joto la aina gani. Achukue kipimajoto cha kawaida, asome halijoto kivulini na kuiandika. Kisha akifunge kichwa cha kipimajoto hicho kwa kitambaa cha pamba kilicholoweshwa, akipepee kwa dakika tano, na asome tena. Namba ya pili ndiyo mwisho wa baridi anayoweza kuipata kwa uvukizi mahali hapo. Tofauti ikizidi nyuzi kumi, feni ya ukungu itamfaa. Ikiwa chini ya nyuzi tano, aache maji yake ndani ya dumu.

Betri na maji

Tukirejea kwenye umeme, hesabu ni rahisi. Betri ya akiba ya kuchajia simu, ambayo watu huiita pawabenki, yenye alama ya 10,000 huwa na wati-saa 37 hivi. Nyingine hupotea njiani, hivyo tukadirie 24 za kutumika. Feni inayokula wati nne itaendeshwa kwa saa sita. Kwa anayekaa wiki nzima, paneli ya sola ya wati 20 ikipata jua zuri la saa tano huweza kurudisha wati-saa 60 au 70 baada ya kutoa hasara za vumbi, joto na nyaya. Hizo zinatosha feni na simu. Ni vyema feni izimwe alfajiri, kwa maana usiku wa Karamoja hupoa wenyewe.

Lakini linganisha umeme huo na maji. Lita moja ya maji ikivukizwa yote huondoa joto lenye thamani ya wati-saa 670 hivi. Betri, basi, ni mpagazi tu. Kazi ya kupoza hufanywa na maji. Na hapa ndipo penye swali zito zaidi, kwa sababu Karamoja maji ni ghali kuliko umeme. Wenyeji, hasa akina mama na wasichana, huyafuata mwendo mrefu na kupanga foleni kwenye kisima cha pampu. Mtafiti aliyepokewa kijijini kwao, kisha akakaa mbele ya hema lake akipuliza maji yao hewani, asishangae siku ya mahojiano akijibiwa kwa neno moja moja. Utafiti wa lugha ni kazi ya kuishi na watu. Wajibu wa kwanza ni maji ya kunywa, ya kwake na ya wenyeji wake. Ya kupoza mwili yafuate baadaye.

Kwa bahati nzuri, iko njia inayotumia maji kidogo. Ukungu unaopulizwa hewani hupoza hewa, na hewa hiyo huenda zake. Maji yaliyo juu ya ngozi humpoza mwenye ngozi. Kwa hiyo loweka kitambaa au kipande cha kanga, ukikamue, ukizungushe shingoni na mikononi, kisha uelekeze feni hapo bila ya ukungu. Maji ya kikombe kimoja yatakutosha muda mrefu, na nafuu yake huwa kubwa kuliko ya kitangi kizima kilichorushwa hewani.

Usafi na hatari

Matundu ya kutolea ukungu ni membamba mno. Maji ya matope au yenye chumvi nyingi huyaziba, kwa hiyo yachujwe kwanza. Muhimu zaidi, maji yasilale ndani ya kitangi. Ukungu huvutwa moja kwa moja hadi mapafuni pamoja na vijidudu vilivyomo. Mwaka 1989, katika mji wa Bogalusa, jimbo la Louisiana nchini Marekani, watu kadhaa waliugua homa kali ya mapafu iliyosababishwa na bakteria waitwao Legionella, na chanzo kilichobainishwa kilikuwa mashine ya ukungu iliyokuwa ikinyunyizia mboga dukani. Basi kila jioni mwaga maji yaliyobaki, osha kitangi, kikaushe, na asubuhi tia maji safi. Hema nalo lianikwe. Walimu wa msamiati wataona hapa mfano mzuri: ukungu wa feni ukikaa hemani huzaa ukungu wa pili, ule wa kijani unaoota kwenye nguo na mikate.

Mwisho, kifaa hiki si tiba. Mtu aliyezidiwa na joto akianza kuropoka, kupepesuka au kupoteza fahamu, hiyo ni dharura. Alazwe kivulini, avuliwe nguo nzito, aloweshwe maji mwili mzima huku akipepewa, na apelekwe kituo cha afya mara moja. Asinyweshwe chochote ikiwa hana fahamu. Wakati kama huo hakuna anayehesabu maji. Kila kiongozi wa msafara ajue kituo cha karibu kiko wapi kabla mahema hayajasimikwa.

Hitimisho

Tumeona kwamba feni ya ukungu hutegemea ukavu wa hewa, kwamba fukuto huifanya iwe mzigo, na kwamba kitambaa kibichi pamoja na feni ndogo hutosha mara nyingi. Tunawashauri walimu wenzetu wa sekondari na vyuo waitumie mada hii darasani. Wanafunzi wafanye kipimo cha kitambaa uani, kisha waandike aya moja ya maelezo wakitumia maneno halijoto, unyevu, uvukizi, mvuke, ukungu na fukuto, kila neno mahali pake. Kundi jingine liwaulize wazee majina ya aina za joto katika lugha zao za kwanza, iwe Ng'akarimojong, Luganda, Runyankore au nyinginezo, na kuyalinganisha na ya Kiswahili. Matokeo ya zoezi hilo tutayapokea kwa furaha katika ofisi ya idara. Tunawatakia wote wanaosafiri likizo hii utafiti mwema na afya njema.