Mcha Mungu ni mtu wa namna gani?



Kuna neno tunalolitumia sana, hata nje ya kanisa. Kijana anayetafuta mchumba anasema awe mcha Mungu. Mama anayehitaji msichana wa kazi anaagiza kwa jamaa zake kijijini wamtafutie mcha Mungu. Na msibani, wasifu wa marehemu unaposomwa, ni nadra kusikia kwamba hakuwa mcha Mungu! Ukiwauliza wote hao wana maana gani, wengi watakujibu: ni mtu anayesali, hanywi pombe, hakosi ibada.

Hebu tulitazame neno lenyewe. Kitenzi chake ni kucha, nacho ni cha zamani. Si kule kucha kwa asubuhi tunakosema kumekucha, bali kucha kwa maana ya kuhofu pamoja na heshima. Siku hizi kimebaki kwa Mungu karibu peke yake. Hakuna asemaye anamcha nyoka au anamcha polisi, hao tunawaogopa. Lakini mtoto wa kitenzi hicho, kuchelea, bado tunaye katika methali: mchelea mwana kulia hulia yeye. Mzazi huyo hamwogopi mtoto wake. Anaogopa kumliza. Mtu anayemcha Mungu yuko karibu na hapo: hamkimbii Mungu kama mwizi anavyomkimbia askari, bali anaona vibaya kumhuzunisha.

Kiebrania cha Agano la Kale hutumia shina moja kwa hofu zote mbili. Ndiyo maana katika Kutoka 20:20 Musa anawaambia watu wasiogope, na papo hapo anasema Mungu amekuja ili hofu yake iwe mbele yao. Sisi Kiswahili kimetupa maneno mawili, na tunaweza kuwaeleza hata watoto bila taabu.

Sasa angalia Biblia inawaita nani wacha Mungu. Ni kweli, Kornelio wa Kaisaria katika Matendo 10 alisali daima. Lakini mara nyingi neno hili hutokea mahali ambapo mtu mwenye nguvu amemshika asiye na nguvu. Shifra na Pua, wakunga wa Waebrania katika Kutoka 1, waliamriwa na mfalme wawaue watoto wa kiume wa Waebrania. Hawakuwaua, na sababu inayotajwa ni kwamba walimcha Mungu. Hatuambiwi hata neno moja kuhusu sala zao. Walawi 19:14 inakataza kumlaani kiziwi na kumwekea kipofu kikwazo, kisha inaongeza kwamba umche Mungu wako. Kwa nini hapo? Kwa sababu kiziwi hatasikia ulichosema, na kipofu hatajua nani aliweka jiwe. Hakuna shahidi ila Mungu. Aya inayotangulia, ya 13, inahusu mshahara wa kibarua: usilale nao mpaka asubuhi.

Nehemia naye. Alikuwa liwali wa Yuda kwa miaka 12, na kisheria alistahili posho ya chakula. Maliwali waliomtangulia walichukua kwa watu mkate na divai, na juu yake shekeli 40 za fedha. Yeye mezani kwake walikula Wayahudi na maofisa 150, na kila siku alichinjwa ng'ombe mmoja na kondoo sita, lakini hakuidai posho ile. Anaeleza mwenyewe katika Nehemia 5 kwamba hakufanya hivyo kwa sababu ya kumcha Mungu, na kwamba watu walikuwa wamelemewa. Katika sura hiyo hiyo kuna wazazi walioweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka, wengine wakaona binti zao wakienda utumwani. Waliowakopesha kwa riba walikuwa ndugu zao, watu wa imani ile ile. Nehemia hakuwauliza kama wanatoa sadaka. Aliwauliza kama haiwapasi kuenenda katika kumcha Mungu, akawataka warudishe mashamba siku ile ile.

Wakatoliki, wanapotaja mapaji saba ya Roho Mtakatifu, huweka ibada kuwa paji moja na uchaji wa Mungu kuwa paji lingine. Naona ni hekima kubwa, maana tumezoea kuyachanganya.

Basi turudi kwa yule mama na agizo lake. Ana haki ya kutaka msichana mwaminifu. Anamwachia nyumba na watoto. Lakini msichana anayepandishwa basi kuja mjini hakuagiza kwa mtu yeyote kwamba naye atafutiwe mama mcha Mungu. Atakula nini, atalala saa ngapi, akiugua atapelekwa hospitali au atarudishwa kwao, hayo yote yako mikononi mwa mwenye nyumba, na majirani hawayaoni. Na mwisho wa mwezi atasubiri kuona kama mshahara wake utatoka, au ataambiwa tena avumilie kidogo.