Kihisi cha Nyuma ya Gari: Ni Rada au ni Sauti?

Katika maduka ya vipuri, karibu kila kifaa kinacholia gari linaporudi nyuma huitwa rada. Vingi si rada. Vile vijisahani vya duara vinavyoonekana kwenye bampa hutumia sauti isiyosikika na sikio la binadamu. Sauti hutolewa, hugonga kizuizi na kurudi, nacho kifaa hukokotoa umbali kutokana na muda uliopita. Kwa kuegesha gari kifaa hicho kinafaa, mradi kisizibwe na tope. Tusichokubali ni kukiuza kwa bei ya rada.

Rada hutumia mawimbi ya redio, yaendayo takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, na kwa kawaida hufichwa nyuma ya plastiki ya bampa. Giza na vumbi haviisumbui sana. Hata hivyo, jina la rada pekee halimhakikishii mnunuzi kipimo sahihi cha umbali mfupi. La kuuliza ni upana wa masafa.

Rada ya gigahezi 24 yenye upana wa megahezi 250 haiwezi, kwa kipimo cha umbali pekee, kutenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa chini ya sentimita 60 hivi. Tuchukue mtoto aliyesimama sentimita 40 mbele ya ukuta. Ukuta hurudisha mwangwi mkubwa, mwili wa mtoto hurudisha mdogo, na rada yaweza kuhesabu kitu kimoja tu, yaani ukuta. Dereva huendelea kurudi nyuma akiamini kuwa nafasi bado ipo. Rada ya gigahezi 77 hadi 81, ikitumia upana wote wa gigahezi 4, hutenganisha vitu vilivyoachana kwa sentimita 4 hivi. Tofauti hiyo ndiyo inayostahili kulipiwa.

Anayenunua gari lililotumika azingatie jambo jingine. Magari mengi yenye taa ya tahadhari kwenye vioo vya pembeni yana rada katika pembe za nyuma, lakini kazi yake ni kutambua magari yanayokuja, si kupima nafasi iliyobaki hadi nguzo ya geti. Bampa ikiwa imepigwa puti au kupakwa rangi yenye chembe za metali, mawimbi yaweza kudhoofika, na huenda dashibodi isioneshe hitilafu yoyote.

Kwa kuwa rada hurusha mawimbi ya redio, mnunuzi adai hati ya uidhinishaji, na masafa yaandikwe kwenye risiti. Kabla ya kulipa, iwekwe ndoo ya plastiki iliyojaa maji juu ya kigoda, sentimita 40 mbele ya ukuta. Maji hurudisha mawimbi hayo vizuri, ilhali katoni tupu huyapitisha. Gari lirudishwe polepole, msaidizi akisimama pembeni. Kifaa kikionesha umbali wa ukuta badala ya ule wa ndoo, kirudishwe kwa muuzaji.