Oili Ikivuja Mbele ya Injini

Mkulima mwenye pikapu kuukuu huitegemea sana. Ndiyo ipelekayo maziwa alfajiri, viazi sokoni na mbolea shambani. Kwa hiyo uonapo matone ya oili chini yake, usiseme tu kwamba gari kuukuu ni lazima livuje. Oili ikitoka mbele ya injini, huenda inapita kwenye sili ya kamshafti, na jambo hilo halifai kungojwa.

Tuchukue mfano wa injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 2L. Injini hii ilifungwa katika Hilux nyingi za miaka ya 1980 na 1990.

KAZI YA SILI

Kamshafti ni chuma kirefu kilicho juu ya injini, kinachofungua valvu. Huzungushwa na mkanda wa mpira wenye meno, uitwao mkanda wa taimingi. Pale kamshafti inapotokeza nje pana pete ya mpira, yaani sili, inayozuia oili isitoke. Kwa joto la miaka mingi pete hiyo hukakamaa, mdomo wake huisha, na oili hupenya.

Hasara si ile oili inayopotea peke yake. Oili huulowesha mkanda na kuuharibu mpira wake. Mkanda ukikatika au ukiruka meno injini ikienda, valvu nyingine hubaki wazi na pistoni huzigonga. Hapo sili ya bei ndogo imekupotezea injini.

TAFUTA CHANZO KWANZA

Osha sehemu ya mbele ya injini, uikaushe, kisha uendeshe gari kidogo na kutazama tena. Oili ikianzia juu kabisa, huenda ni gasketi ya kifuniko cha valvu. Ikitoka chini tu, yaweza kuwa sili ya krankshafti. Majimaji mepesi yenye harufu ya dizeli hutoka kwenye pampu ya dizeli. Oili ikianzia nyuma ya puli ya kamshafti, sili ndiyo mbovu.

Kisha angalia mpira wa kupumulia wa injini. Ukiziba kwa uchafu, hewa hujaa ndani na kuisukuma oili nje. Ukiweka sili mpya bila kuuzibua mpira huo, hiyo mpya nayo itavuja.

JINSI YA KUBADILI

Kama hujafanya kazi hii, mwite fundi anayeijua, lakini uwe karibu uone ya kwamba anafuata mambo haya:

1. Injini iwe baridi, na waya za betri zifunguliwe.

2. Feni, mikanda ya nje, puli ya krankshafti na kifuniko cha taimingi vitolewe. Kabla ya kuutoa mkanda, alama za krankshafti, kamshafti na pampu ya dizeli zipangwe sawasawa. Mkanda ukiisha kutoka, injini isizungushwe.

3. Puli ya kamshafti ishikwe kwa kifaa chake boluti inapofunguliwa. Usitumie mkanda kuizuia.

4. Sili ya zamani ikatwe mdomo kwa kisu, kisha ing'olewe kwa bisibisi iliyozungushiwa plasta. Kamshafti isikwaruzwe, kwa maana mkwaruzo mdogo utaifanya sili mpya ivuje.

5. Mahali pa sili pasafishwe. Sili mpya ipakwe oili mdomoni, na upande wenye springi uelekee ndani. Ipigwe polepole kwa kipande cha bomba kinachoenea ukingo wake, iingie sawa pande zote na isipite kina cha ile ya kwanza.

6. Mkanda uliolowa oili utupwe. Kuufuta hakuuponyi. Funga mpya, na ukazwe kama kitabu cha injini kinavyoagiza.

7. Kabla ya kupiga stata, injini izungushwe kwa spana mizunguko miwili kamili ya krankshafti, kisha alama zitazamwe tena. Ikigonga chuma na kukataa, isilazimishwe. Taimingi haiko sawa.

BAADA YA KAZI

Pima oili kwa kijiti chake, gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa kwa dakika chache. Ongeza ikiwa imepungua. Fanya hivyo kila juma, na utazame chini ya gari kila asubuhi kabla ya kuliondoa. Oili chafu usiimwage shambani wala karibu na mto, bali iweke katika debe lenye kifuniko na kuipeleka gereji inayopokea oili ya namna hiyo.

Unaponunua sili, nunua na mkanda pamoja, kwa kuwa kazi ya kufungua ni ile ile moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukiziba mapema, maziwa yako yatafika kwa wakati.