Meli moja, treni moja: Tabora, mji wa reli uliopoteza jina kwenye jezi

SHABIKI wa Nansio hana timu ya Ligi Kuu kisiwani. Mechi anazionea kwenye kibanda umiza, katikati ya wiki akibishana Simba na Yanga, wikiendi akihamia Arsenal na Manchester United. Kusafiri ugenini anaona ni mambo ya watu wa Dar. Kumbe ugenini upo. Unapanda meli moja, unaunganisha treni moja, unashuka Tabora.

Meli kutoka Nansio hadi Mwanza ni saa tatu na ushee ziwani. Ukishafika Mwanza unaikamata reli ya zamani, ile iliyofika jijini mwaka 1928 ikitokea Tabora, umbali wa karibu kilomita 380. Treni haipo kila siku, hivyo ulizia ratiba kabla hujavuka maji.

Kwa mtu wa mpira, njia yenyewe ni burudani. Unapita Malya, wilayani Kwimba, kwenye Chuo cha Maendeleo ya Michezo kilichopika makocha na walimu wengi wa michezo nchini. Unafika Shinyanga, nyumbani kwa Stand United, 'Chama la Wana', timu iliyozaliwa na watu wa stendi ya mabasi ikapanda mpaka Ligi Kuu. Baada ya hapo ni Isaka, Bukene, kisha miembe ya Tabora inaanza kuonekana.

Tabora ilikuwa soko kabla ya kuwa stesheni. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilikutana hapa Unyanyembe, mingine ikielekea Ujiji, mingine ikipanda huku kwetu ziwani. Nje kidogo ya mji, Kwihara, lipo tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, siku hizi ni makumbusho. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Hawakuifaidi sana. Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliyotokea Kongo yaliuteka mji. Boma la Mjerumani bado limesimama, na njia panda ya treni iko pale pale: huyu anakwenda Kigoma, yule Mwanza, mwingine anashuka Dar.

Ukiwa na muda pita sokoni, nunua asali. Usirudi Ukerewe bila asali ya Tabora, nyumbani hawatakuelewa.

Sasa turudi kwenye soka, maana ndicho kilichotupeleka.

Reli na mpira ni ndugu wa siku nyingi. Manchester United hiyo unayoilipia kiingilio kibandani ilianzishwa mwaka 1878 na wafanyakazi wa reli, ikiitwa Newton Heath, na jina la sasa ilipewa mwaka 1902. Crewe Alexandra mpaka leo mashabiki wanaiita timu ya wana reli. Hapa kwetu tulikuwa na Reli ya Morogoro, 'Kiboko ya Vigogo', ambayo Simba na Yanga walikuwa wakiiendea kwa tahadhari. Leo mtoto wa miaka 15 ukimtajia Reli anadhani unaongelea usafiri. Timu ya kazini ina raha yake, lakini kazi ikiyumba na timu nayo inayumba.

Tabora imeonja shida ya aina nyingine. Wazee wa mji wanaikumbuka Milambo. Msimu wa 2013/14 walikuwa na Rhino Rangers Ligi Kuu, wakakaa msimu mmoja tu wakashuka. Ndipo ikaja Kitayosce, timu yenye asili ya Kilimanjaro, ikahamia Tabora, ikapanda Ligi Kuu 2023 na baadaye ikaitwa Tabora United. Mji ukaipokea kama mtoto wa kuzaa. Novemba 2024 mtoto huyo akaenda Chamazi akaifunga Yanga mabao 3-1. Siku chache baadaye Yanga ikaachana na kocha wake, Miguel Gamondi. Hebu fikiria, mji mzima unaonekana ramani nzima ya soka kwa dakika 90!

Mwaka 2025 jina likabadilika tena. Tabora United ikawa TRA United.

Pesa ya mishahara ni muhimu, hilo halina ubishi, na timu nyingi za mikoani zimekufa kwa kuikosa. Ila mimi naona lipo lililopotea. Shabiki aliyekuwa akiimba jina la mji wake, sasa anaimba la taasisi. Watu wa Mwanza wanalijua hilo vizuri. Pamba yao, iliyobeba jina la zao, ilikaa nje ya Ligi Kuu kwa zaidi ya miaka 20, na iliporudi msimu wa 2024/25 ilikuwa Pamba Jiji, mkononi mwa halmashauri ya jiji. Jina la zamani lilibaki humo ndani, na siku za kurudi watu wazima walionekana Kirumba na jezi zao.

Pembeni ya reli ya zamani inajengwa ya kisasa. Jiwe la msingi la kipande cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, liliwekwa Juni 2021. Ikikamilika mpaka Tabora, shabiki wa Nansio atatumia muda mwingi zaidi kwenye meli kuliko kwenye treni. Ratiba ya Ligi Kuu ikitoka, angalia kwanza Pamba anakwenda lini Ali Hassan Mwinyi.