Mbaazi ni lishe ya damu, tusiziharibu kwa chai na magadi

Ndugu msomaji, ukipita asubuhi mitaa ya Ngamiani hapa Tanga, au ukishuka Pangani, hukosi kukuta sufuria ya mbaazi za nazi na sinia la mahamri pembeni yake. Ni chakula tulichokizoea, na Ramadhani tunakirudia kwenye futari. Pamoja na hayo, akina mama wanaofika kliniki wakiwa wamepauka viganja na kuhema kwa kazi ndogo ni wengi.

Utafiti wa Demografia na Afya Tanzania wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49, na asilimia 58 ya watoto wa miezi 6 hadi 59, walikuwa na upungufu wa damu. Malaria na minyoo vinachangia, lakini chakula nacho kina sehemu yake. Hapo ndipo mbaazi zinapoingia.

Gramu 100 za mbaazi kavu zina protini kiasi cha gramu 20, pamoja na madini ya chuma na vitamini iitwayo foleti. Chuma na foleti ndivyo mwili unavyotumia kutengeneza chembe nyekundu za damu. Aidha, foleti husaidia uti wa mgongo wa mtoto kujengeka vizuri katika wiki za mwanzo za mimba, mara nyingi kabla mama hajajua kuwa ni mjamzito.

Kuzipanda uani

Mbaazi hazidai shamba kubwa. Mashina machache kando ya ua yanatosha kuanzia. Masika yakianza, tia mbegu mbili au tatu kila shimo, kina cha vidole viwili, na acha nafasi ya mita moja hadi moja na nusu. Mizizi yake huzama chini sana, ndiyo maana mti hubaki kijani wakati mahindi yamekwisha kukauka. Aina za kienyeji hutaka subira ya miezi sita hadi tisa au zaidi, ila mti mmoja huweza kuzaa zaidi ya msimu mmoja. Usipande pale ambapo mbaazi zilinyauka, kwani ugonjwa wa mnyauko hukaa udongoni. Tafuta mbegu iitwayo Mali, inayouhimili.

Tahadhari moja kubwa: mbegu za dukani zilizopakwa rangi zimetiwa dawa ya wadudu. Zikibaki baada ya kupanda, usizipike hata ukiziosha mara kumi. Ni sumu.

Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha kuagiza mbaazi, bei ilianguka na wakulima wengi nchini wakabaki na magunia. Mbaazi za uani hazina hofu hiyo, kwa kuwa soko lake ni chungu chako.

Kuzipika

Zichague mawe, zioshe, kisha ziloweke usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo na uzichemshe kwa maji mapya mpaka punje ibonyee kwa vidole bila kubaki kiini kigumu. Kuloweka hupunguza mkaa unaotumika, na pia hupunguza vitu vinavyozuia chuma kuingia mwilini. Ndipo utie kitunguu, pilipili, chumvi na tui jepesi; tui zito liwe la mwisho.

Wengi wetu hutia magadi ili ziive haraka. Kwa hakika zinaiva, lakini magadi huharibu vitamini B1 na huongeza sodiamu, isiyomfaa mwenye shinikizo la damu. Ukiloweka vizuri, hutayahitaji. Mbaazi mbichi za kumenya huiva upesi zaidi.

Kasoro ya pili ni chai. Chai ya rangi au ya maziwa inayonywewa pamoja na mbaazi hushika madini ya chuma tumboni, na sehemu kubwa hupotea bila kuingia kwenye damu. Chai tuiache saa moja au mbili baada ya kula. Badala yake kula chungwa, nasi Muheza iko jirani, au kamulia ndimu. Vitamini C iliyomo husaidia chuma kuingia mwilini.

Kiporo

Hali kadhalika, tuangalie kiporo. Katika joto letu la pwani, mbaazi za nazi zikikaa nje zaidi ya saa mbili vijidudu huanza kuzaana kwa kasi. Baadhi yao huacha sumu isiyokufa hata ukipasha moto mpaka chakula kitokote. Kwa hiyo mbaazi za futari zilizolala mezani si za daku. Kama huna jokofu, pika kiasi kitakachoisha.

Mwisho, ndugu msomaji, mbaazi haziondoi haja ya kliniki. Mama mjamzito aendelee kumeza vidonge vya kuongeza damu alivyopewa, na yeyote anayepauka, anayesikia kizunguzungu au moyo kwenda mbio akapimwe damu, malaria na minyoo. Mbaazi ni msaada wa kila siku nyumbani, na masika yakianza, mbegu chache tu zinatosha kuanzia.