Batri, fili na mashua ya Nzilo

Ziwa la Nzilo tunalijua wote, lile lililotokea wakati mto Lualaba ulifungwa kwa barrage katika miaka ya 1950. Mtu mwenye mashua ya mota anaweza kufunga humo GPS, inayoonyesha mahali alipo, na sonda, inayopima kina. Sonda inatuma sauti chini, sauti inagonga udongo, inarudi. Katika maji baridi sauti inakwenda karibu mita 1,480 kwa sekunde. Ikirudi kisha sehemu 2 za mia za sekunde, imetembea mita 30 hivi, kwenda na kurudi. Basi kina ni mita 15.

Usiku kioo kinazimika. Mwenye mashua anasema mashine imekufa, anachukua bisibisi anaifungua. Hapo ndipo tunabishana naye! Mara nyingi ugonjwa hauko ndani ya mashine, uko kwenye fili.

Tazama vichwa vya batri. Utaona unga wa kijani ao wa buluu. Sisi watu wa Kolwezi hatuwezi kuushangaa: ni asidi ya batri imekula shaba ya fili, kazi ileile kiwanda cha Luilu kinafanya kwa makusudi, kuyeyusha shaba katika asidi sulfuriki. Ile ya kijani inayoota kwenye shaba kwa hewa na maji tu, ni jamaa ya malakiti. Lakini unga huo haupitishi umeme vizuri. Ukileta upinzani wa omu 1 tu, na mashine inakula ampea 2, volti 2 zinapotea njiani. Kwenye batri ya volti 12 zinabaki 10, na batri ikiwa imechoka kidogo, mashine inazimika. Huku iko nzima kabisa!

Kuusafisha si kazi kubwa, ila iko na hatari. Batri inayochajiwa inatoa gesi ya idrojeni. Hewa ikiwa nayo sehemu 4 kwa mia, cheche moja inailipua, na asidi inaruka machoni. Kwa hiyo hakuna sigara, hakuna mshumaa, hata kama ni giza. Zima kila kitu. Toa kwanza fili ya hasi, ile nyeusi, kisha nyekundu. Ukianza na nyekundu, na ufunguo ukagusa chuma cha mota, cheche ndiyo hiyo. Osha kwa maji yenye bikarbonati, kausha, kaza. Nyeusi inarudi ya mwisho. Fyuzi ikiungua usiweke waya wa kawaida mahali pake, shauri fili itawaka moto yenyewe.

Meli ikiwa na rada, usifungue sanduku lake: ndani kuna volti maelfu, na zinaweza kubaki hata kisha kuzima. Mwachie fundi wa rada.

Kisha kazi, shusha kamba yenye jiwe na alama za mita, ulinganishe na sonda. Zikipishana sana, futa uso wa sonda kwa kitambaa laini, si kwa kisu. Na redio yenye spika usiiweke karibu na dira. Sumaku yake inavuta sindano.